KABONI INAYOPIMA MJUMBE WA UBONGO

Sisi wa darasa la sita tunaendelea na somo la kemia. Swali la leo: namna gani watu wanapima kitu kidogo sana kilicho ndani ya ubongo?

1. Mjumbe. Seli za ubongo zinatumiana habari kwa njia ya kemikali. Moja inaitwa dopamini. Katika ugonjwa wa Parkinson, seli zinazoitengeneza zinakufa, na mgonjwa anatetemeka mikono, anatembea polepole. Wengine wanasema amerogwa. Hapana, ni dopamini iliyopunguka. Basi tusimcheke mzee wa namna ile.

2. Kipimo. Dopamini ikigusa elektrodi yenye volti inayofaa, inatoa elektroni 2. Elektroni hizo zinafanya mkondo wa umeme. Dopamini ikiongezeka, mkondo nao unaongezeka. Mwaka 1958 Ralph Adams, wa Chuo Kikuu cha Kansas kule Marekani, alionyesha elektrodi ya unga wa grafiti uliochanganywa na mafuta, laini kama udongo wa kufinyanga. Grafiti ni kaboni, ile nyeusi ya kalamu ya kreyo. Yenyewe inapitisha umeme. Mafuta yanashikanisha unga. Mwaka 1973 yeye na wenzake waliingiza elektrodi ndogo ya namna hiyo katika ubongo wa panya.

3. Shida. Katika ubongo kuna pia vitamini C, ile ya malimau, tena nyingi kupita dopamini. Nayo inatoa elektroni karibu na volti ileile. Sasa mkondo ule ni wa nani? Njia moja ni kupaka juu ya kaboni ngozi nyembamba ya Nafion, plastiki yenye chaji hasi. Ndani ya mwili vitamini C iko na chaji hasi, kwa hiyo inasukumwa. Dopamini iko na chaji chanya, inapita. Siku hizi wanachanganya pia grafeni ao nanotubi za kaboni, ili kila kimoja kitoe elektroni kwa volti yake.

Tukumbuke: namba ya mashine haitoshi. Lazima tujue ni kitu gani kimeileta.

Maswali ya kujipima
a) Juu ya nini mafuta peke yake hayawezi kuwa elektrodi?
b) Kitu kingine chenye chaji chanya, Nafion itakizuia?

Mwenye majibu atuletee, tutayasoma pamoja na mwalimu.