Kukadiria Mlio wa Ndege kwa Watu Walio Mbali na Uwanja: Somo la Sayansi

Mwalimu wa Igunga huenda akaulizwa: ya nini kufundisha habari za mlio wa ndege, hali uwanja uko mbali, Tabora? Jibu ni kwamba watoto hawa ndio wajumbe wa kamati za shule wa kesho, nao watachagua mahali pa kujenga madarasa. Huko Munich, Ujerumani, uwanja wa zamani ulifungwa mwaka 1992 na mpya kufunguliwa mahali pengine. Wachunguzi waliona kuwa watoto wa karibu na uwanja mpya walirudi nyuma katika kusoma, na wale wa karibu na uwanja wa zamani wakapata nafuu.

Lengo: Mwanafunzi aweze kukadiria, kabla ya kusikiliza, namna sauti inavyofifia.

Kanuni: Sauti itokayo mahali pamoja, ikienea pasipo kizuizi, hupungua kiasi cha desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mlio wa desibeli 80 kwa meta 100 utakuwa 74 kwa meta 200, na 68 kwa meta 400.

Hatua: Mwanafunzi mmoja agonge debe kwa kijiti, kwa nguvu ileile kila mara. Wenzake wasimame meta 50, 100 na 200, kwanza upande upepo uendako, kisha upande utokako. Kabla ya debe kugongwa, kila mmoja aandike makisio yake: nitasikia vizuri, kidogo, au sitasikia. Makisio yasiyoandikwa hugeuzwa kwa urahisi jibu linapojulikana. Zoezi lifanywe asubuhi na mapema, lirudiwe saa nane mchana.

Maelezo: Mchana, ardhi yenye joto huifanya sauti ipinde kuelekea juu. Alfajiri tulivu, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea chini, ikasikika mbali zaidi. Tena hewa hufifisha milio myembamba kwanza. Ndiyo maana ndege ya mbali huleta ngurumo nzito tu.

Tathmini: Kijiji cha kwanza kiko kilometa 2 kutoka uwanjani, cha pili kilometa 4, lakini upepo huvuma kuelekea huko. Kipi kitakuwa na utulivu zaidi? Anayejibu kwa umbali peke yake hajaelewa somo. Anayeuliza kwanza nguvu ya upepo na saa ya ndege kuruka, huyo ameelewa.