Sakafu Safi, Mtoto Salama

Tazama sakafu ya nyumba yako. Mtoto anayetambaa hushinda hapo mchana kutwa. Kila kitu kinachoanguka hukiokota, na mikono yake huitia kinywani. Basi kwake sakafu ni kama sahani. Mama aoshaye vyombo vizuri na kuacha vumbi sakafuni amefanya nusu tu ya kazi yake.

VUMBI HILI LATOKA WAPI?

Sisi tukaao Luano twalijua vumbi. Tangu mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa hatupati mvua, na upepo huleta udongo mwekundu mpaka kitandani. Lakini vumbi la nchi yetu si udongo mtupu. Kiwanda cha Lubumbashi kiliyeyusha shaba kwa mara ya kwanza mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wa tanuru ulianguka juu ya mji. Upande wa Ruashi machimbo ya shaba na kobalti yako karibu na nyumba za watu.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, katika Ubelgiji, walitangaza habari ya mikojo waliyoipima katika Katanga. Watu waliokaa karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto walikuwa nayo kuwapita watu wazima. Risasi pia ilionekana. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulionyesha njia ambazo kobalti huingia mwilini. Kwa watu wa mjini walio karibu na viwanda, njia kubwa zilikuwa mboga zilizoangukiwa na vumbi, na vumbi lenyewe linalomezwa bila mtu kujua.

Madini haya hayana harufu, wala huwezi kuyaona. Risasi huudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwake. Hakuna dawa ya kurudisha akili iliyoharibiwa hivi. Kwa hiyo imetupasa kuzuia.

USIFAGIE VUMBI KAVU

Wengi huamka asubuhi na kufagia kwa nguvu. Nyumba yaonekana safi, lakini vumbi jembamba limepanda hewani. Watu hulivuta, kisha hushuka tena juu ya meza, juu ya chakula, na juu ya sakafu ile ile. Vumbi limehama tu, halikutoka.

Ikiwa nyumba yako ina vigae, yaani karo, una msaada mkubwa, maana kigae hakinywi maji wala hakishiki uchafu. Fanya hivi:

1. Chukua ndoo mbili. Moja tia maji na sabuni kidogo, ya pili maji matupu.

2. Lowesha kitambaa katika maji ya sabuni, ukikamue, upanguse. Anza pembe iliyo mbali, uje mlangoni.

3. Kabla ya kukirudisha katika sabuni, suuza kitambaa katika ndoo ya pili. Ukitumia ndoo moja tu, wapaka uchafu nyumba nzima.

4. Simenti iliyo kati ya vigae hushika uchafu. Isugue kwa mswaki wa zamani na sabuni. Usitie asidi, maana hula simenti, na vigae hulegea.

5. Kausha kwa kitambaa kikavu. Kigae chenye maji huteleza, na mzee au mama mwenye mimba akianguka aweza kuvunjika.

6. Maji machafu usiyamwage bustanini wala karibu na kisima.

Kama sakafu yako ni ya simenti tu, pangusa vivyo hivyo. Kama ni ya udongo, nyunyiza maji kidogo kabla ya kufagia, na mtoto akae juu ya mkeka unaooshwa. Maji yakiwa haba, pangusa kwanza pale mtoto achezapo na pale mnapolia chakula.

Tena, viatu vibaki mlangoni. Baba au kijana afanyaye kazi ya madini avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, nazo zifuliwe peke yake. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mboga zisuuzwe vizuri.

HABARI YA JAVEL

Kwa kazi ya kila siku sabuni yatosha. Javel haiondoi madini. Kazi yake ni kuua vijidudu. Itumie mgonjwa akiharisha au kutapika sakafuni. Ondoa uchafu kwanza, osha kwa sabuni, usuuze, ndipo upake javel iliyotiwa maji kama ilivyoandikwa kwenye chupa. Changanya ya siku moja tu, kwa sababu ikikaa hupungua nguvu.

Sikia sana neno hili: usichanganye kamwe javel na siki, ndimu, amonia, au dawa ya kuoshea choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu iumizayo mapafu. Ukisikia harufu kali na macho yakawasha, toka nje upesi pamoja na watoto, acha mlango wazi.

Usiweke javel katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Yeye ajua chupa tu. Akiinywa, usimtapishe. Suuza kinywa chake, umpeleke hospitali mara moja, na chupa uichukue.

MASWALI

1. Kwa nini kufagia vumbi kavu hakusafishi nyumba?

2. Kwa nini twatumia ndoo mbili?

3. Ni vitu gani visivyochanganywa na javel?

4. Leo jioni, nani wa nyumba yako ataingia na viatu vyenye vumbi, nawe utamwambia nini?