Kijana Anaposikia Sauti Ambazo Wengine Hawazisikii

Mara nyingi huanza polepole. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa mchangamfu anajifungia chumbani, halali usiku, haogi, na alama zake zinashuka. Nyumbani wanasema ni ujana tu. Kisha siku moja anakataa chakula cha mama yake akidai kimetiwa sumu, au anajibizana na mtu ambaye hayupo.

Madaktari huiita hali hii saikosisi: mtu hupoteza uwezo wa kutofautisha yaliyopo na yasiyokuwepo. Huwapata zaidi vijana, kuanzia mwisho wa shule ya upili hadi miaka ya ishirini na kitu. Si laana, wala si malezi mabaya. Huweza kufuata ukoo, na bangi huongeza hatari, hasa ikianza kuvutwa mapema.

Mama aliyejifungua juzijuzi akianza kusema mambo yasiyoeleweka, mkimbizeni hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo aliyechanganyikiwa akiwa na homa, kwani huenda ni malaria iliyopanda kichwani.

Kwa wengine, tatizo kubwa ni kuchelewa. Miezi hupita kwa waganga na kwenye maombi, na wapo wanaofungwa kamba nyuma ya nyumba. Hatumkatazi mtu kuomba. Aombe akiwa njiani kwenda kliniki. Kadiri saikosisi inavyokaa bila tiba, ndivyo inavyomwia kijana vigumu kupona na kurudi darasani au kazini. Ndiyo sababu mwaka wa 1992, mjini Melbourne, Australia, daktari Patrick McGorry na wenzake walianzisha huduma maalum kwa vijana waliougua mara ya kwanza, na nchi nyingine zikaiga.

Tiba huanza kwa maswali na vipimo, halafu dawa kwa kipimo kidogo. Sauti hupungua baada ya siku au wiki kadhaa. Dawa huweza kuleta usingizi, kuongeza uzito au kukakamaza shingo na mikono. Hayo yakitokea, rudini mkabadilishiwe, msiziache. Hapa ndipo familia nyingi hukwama: kijana anajihisi mzima, anazitupa, na baada ya muda ugonjwa unarudi. Kwa kawaida huendelea kumeza kwa mwaka mmoja au zaidi baada ya kupata nafuu, huku yeye na jamaa zake wakipewa ushauri nasaha.

Nyumbani, msibishane naye kuhusu sauti hizo wala kumcheka. Mwambieni mnaona anateseka na mtaandamana naye.

Anzeni na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu au kituo cha afya kilicho karibu. Mtaelekezwa hospitali inayofaa. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka wa 2022, inazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Siku ya kwenda, andikeni dalili zilianza lini, bebeni dawa zozote alizotumia, zikiwemo za kienyeji, na aandamane na mtu anayeishi naye.