Dondoo muhimu: Impreza au RX-8?

Ukiishi Kikwajuni, Zanzibar, na roho inataka gari la spoti kutoka Japani, anza na fundi. Subaru Impreza WRX ina milango minne, inavuta kwa magurudumu yote, na fundi anayeijua hukosi. Mazda RX-8, iliyotengenezwa 2003 hadi 2012, ni habari nyingine: injini yake ya lita 1.3 haina pistoni, na huchoma oili kwa maumbile yake. Pima oili kila unapotia petroli. Usiizime ikiwa bado baridi. Hufurika petroli ikagoma kuwaka. Muuzaji akikataa kompresheni ipimwe kwa kipimo chake maalumu, ondoka.

Zote mbili, ziingilie chini utazame kutu. Hewa ya bahari haina huruma.

Mimi ningechukua Impreza. RX-8 ningemwachia mwenye gari jingine la kwendea kazini.