AFYA YAKO: Samaki na Mafuta Yake – Usimdharau Dagaa



Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tunavua samaki, tunauza samaki na tunakula samaki. Hata hivyo, zahanati zetu bado zinapokea watoto wenye utapiamlo. Mtoto huletwa miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, hataki kula wala kucheza. Huo ni ugonjwa wa unyafuzi. Mama akiulizwa mtoto anakula nini, hujibu, "Ugali wa muhogo na samaki." Ukichunguza zaidi unakuta samaki mkubwa ameuzwa, kipande kilichobaki amewekewa baba, na mtoto amepata ugali na mchuzi.

Kwa hiyo leo tujifunze mambo mawili. Kwanza, samaki gani ana mafuta mengi na gani ana mafuta kidogo. Pili, samaki gani anamfaa zaidi mtoto wako.

Samaki ana nini ndani yake?

Chukua kipande cha sato mbichi chenye ukubwa wa kiganja. Uzito wake ni kama gramu 100. Sehemu kubwa ya kipande hicho, zaidi ya gramu 70, ni maji. Protini, yaani chakula cha kujenga mwili, ni kama gramu 18 hadi 20. Mafuta ni kidogo, kama gramu 2 tu.

Sasa linganisha na unga wa muhogo. Gramu 100 za unga huo zina protini isiyofika hata gramu 3. Muhogo unashibisha na kutia nguvu, lakini haujengi mwili. Ndiyo maana ugali unahitaji kitoweo cha kweli.

Samaki karibu wote wanalingana kwa protini. Wanatofautiana sana kwa mafuta.

Nani ana mafuta na nani hana?

Sato ana mafuta kidogo. Kambale mkubwa mara nyingi humshinda sato kwa mafuta. Wavuvi wa pwani nao wanajua kwamba papa na changu wana nyama kavu, isiyo na mafuta mengi. Mafuta ya papa yamekaa kwenye ini.

Sangara ni wa namna yake. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa letu. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Mnofu wake wa mgongoni una mafuta kidogo, lakini tumboni kuna mafuta mengi, hasa kwa sangara mkubwa. Ndiyo maana watu huyayeyusha na kupata mafuta ya kupikia. Anayenunua kichwa na tumbo la sangara asione haya. Amenunua chakula chenye mafuta na protini.

Kumbuka pia kwamba samaki hana mafuta yale yale mwaka mzima. Hunenepa akipata chakula tele, na hukonda baada ya kutaga mayai.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Chukua kipande cha samaki aliyekaushwa au kubanikwa, kibonyeze juu ya karatasi safi, kisha uiinue karatasi kwenye mwanga. Karatasi iking'aa kama imepakwa mafuta, samaki huyo ana mafuta.

Mafuta ya samaki yana kazi gani?

Wako wanaofikiri mafuta yote ni mabaya. Sivyo. Gramu 1 ya mafuta hutia mwili nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu 1 ya unga. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kubeba uji mwingi. Mafuta kidogo ndani ya uji humwongezea nguvu bila kumjaza tumbo.

Tena mafuta ya samaki hayagandi upesi kama ya ng'ombe. Ndani yake mna mafuta ya aina ya omega-3, ambayo husaidia kujenga ubongo na macho ya mtoto tangu akiwa tumboni. Kwa hiyo mama mjamzito naye ale samaki. Mila ya kumnyima tuiache.

Lakini angalia upishi. Sato mwenye mafuta kidogo akikaangwa hunywa mafuta ya kikaangio. Ukitaka mlo usio na mafuta mengi, mchemshe. Wala usitumie mafuta yale yale ya kukaangia mpaka yawe meusi.

Usimdharau dagaa

Wengi humwita dagaa chakula cha wanyonge. Hebu tumtazame vizuri.

Nusu au zaidi ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Usidanganyike kwamba amemzidi sato mara tatu kwa protini, kwa sababu dagaa mkavu ameondolewa maji. Kilo 3 au 4 za dagaa wabichi hutoa kilo 1 ya wakavu. Lakini kwa fedha ile ile, mara nyingi dagaa hukupa protini nyingi kuliko samaki mkubwa.

Ubora wake mkubwa ni kwamba dagaa huliwa mzima. Sato tunakula mnofu, mifupa tunatupa. Dagaa tunakula na mifupa, hivyo tunapata madini ya chokaa ya kujenga mifupa na meno. Tunakula na kichwa, macho na ini, hivyo tunapata vitamini A inayolinda macho, na madini ya chuma yanayoongeza damu. Ukikata vichwa vya dagaa na kuvitupa, umetupa sehemu iliyo bora.

Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilifundisha wananchi kuhusu lishe bora. Somo hilo halijazeeka. Ukiuza sato na sangara upate fedha, si kosa. Kosa ni kuuza wote na kusahau sufuria ya nyumbani.

Mafuta huharibika

Samaki mwenye mafuta hachelewi kuharibika. Hata akikaushwa, mafuta yake huchacha. Hubadilika rangi kuwa ya manjano au kahawia, hutoa harufu kali na huwa machungu. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Anika dagaa juu ya chanja, si mchangani. Mchangani huchanganyika na kinyesi cha kuku na mbuzi.

2. Sangara ni mnene na ana mafuta, hakauki vizuri juani akiwa mzima. Mpasue, kisha mbanike kwa moshi au mtie chumvi.

3. Weka samaki mkavu mahali pakavu, penye kivuli, pasipofikiwa na nzi wala panya.

4. Mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu aepuke samaki wa chumvi.

Mlishe mtoto samaki, si mchuzi tu

Protini hubaki kwenye mnofu. Mchuzi ni maji, chumvi na matone machache ya mafuta. Mtoto anayepewa mchuzi peke yake hajala samaki.

Mtoto akitimiza miezi 6, endelea kumnyonyesha na umwanzishie uji wenye dagaa. Chagua dagaa wasio na chumvi wala mchanga. Waoshe, waanike tena wakauke, wakaange bila mafuta, kisha watwange na kuchekecha. Tia kijiko kimoja cha unga huo katika uji wa bakuli moja, uchemke pamoja. Anza na kidogo mpaka azoee. Twanga unga wa wiki moja tu na uuhifadhi katika kopo lenye kifuniko, maana mafuta yake yatachacha. Kama una sato au sangara, toa miba yote, ponda mnofu, ndipo umpe.

Ukimwona mtoto amevimba miguu, usingoje. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini dagaa huliwa na kichwa chake?
2. Sehemu gani ya sangara ina mafuta mengi?
3. Jana nyumbani kwako, nani alikula mnofu, na nani alipata mchuzi?