Ra'ad, Samaki wa Mto Nili Mwenye Umeme

Ndugu mmoja katika darasa yetu aliuliza: je, ni kweli kwamba katika mito yuko samaki ambaye akishikwa humtetemesha mtu hata akaanguka, au hizo ni khabari za majini zilizotungwa na wavuvi? Jawabu ni kwamba samaki huyo yuko, na jini hamna.

Waarabu wa Misri humwita ra'ad, nalo ni neno la asili moja na radi tuisemayo sisi. Yeye ni katika kambare: hana magamba, macho yake ni madogo, midomo minene, na ndevu jozi tatu. Jamaa yake yapata aina ishirini, zote za maji matamu ya Afrika, katika Nili, Niger, Kongo na ziwa Tanganyika. Wakubwa wao huzidi urefu wa mita moja na hufika uzito wa kilo 20. Wamisri wa kale walimchora katika makaburi ya Saqqara zaidi ya miaka 4,000 iliyopita.

Abdul-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyezaliwa Baghdad mwaka 1162, alikaa Misri karibu na mwaka 1200, akaandika khabari za nchi ile. Alieleza kwamba amgusaye samaki huyu akiwa hai hushikwa na mtetemeko na ganzi, na viungo vikawa vizito. Na samaki akifa, nguvu ile humtoka. Tena akataja jambo ambalo wengi wangelipita: ngozi yake ni nene mno, na huchunika kwa wepesi. Tabibu yule hakuwa na njia ya kuujua umeme, lakini kidole alikiweka penyewe.

Kwani chombo cha umeme ki papo hapo. Ni nyama iliyogeuka, laini, imemzunguka samaki chini ya ngozi mfano wa kanzu. Ndani yake mna chembe kwa mamilioni, na kila moja hutoa kiasi cha sehemu ya kumi ya volti tu. Lakini zimepangwa mfululizo kama mawe ya tochi, na zikifyatuka pamoja jumla yaweza kufika volti 350. Na anayetoa amri ni nani? Ni chembe mbili tu katika uti wa mgongo, moja kila upande, ambazo mshipa wa kila moja umetawanyika kufikia upande wake wote. Lau amri ingelichelewa huku na kuwahi kule, nguvu ingelipotea bure.

Umeme wa majumbani kwetu ni volti 240. Msomaji asidhani kwa hesabu hiyo kuwa waya ni salama kuliko samaki! Pigo moja la samaki halizidi sehemu chache za elfu ya sekunde, waya hauachi. Hata hivyo, aliyesimama mtoni akapigwa, magoti yakalegea, aweza kuzama.

Mchana ra'ad hujificha mawemawe na mizizini. Usiku hutoka, hupiga mapigo mfululizo, samaki wadogo wakazimia, naye akawameza. Yeye mwenyewe yumo katika maji yale yale. Amejaribiwa kwa mshtuko uwalazao samaki wengine, wala haukumdhuru.

Nyama yake huliwa. Aliyemnasa wavuni na amwache afe kabisa, kisha amchune.