Mdogo wangu, namba ya simu usiilaze

Mdogo wangu wa Nyamisangura, ujumbe wako nimeusoma wote, na ile kadi ya mchango uliyoniambatanishia nimeikuza kwenye simu mpaka ikagoma. Kwanza hongera kwa kufungua steshenari. Tarime mjini kazi ya kadi haiishi: leo harusi, kesho kipaimara, keshokutwa mahafali. Unauliza kwa nini mteja amerudisha kadi mia akisema hazisomeki, wakati wewe unaona umempendezeshea. Kupendeza zimependeza, mwaya. Tatizo umezilaza zote kwa italiki, kuanzia "Familia ya Bwana na Bibi" mpaka namba ya kutumia pesa.

Tuanzie kwenye namba, maana ndiyo iliyoiudhi kamati ya harusi. Mchangiaji anaisoma kadi amekaa nyuma ya bodaboda, huku anabonyeza tarakimu kumi. Ukilaza 1 na wino wa printa ukiwa hafifu, inajifanya 7. Hela ikienda kwa mtu asiyehusika, atakayetafutwa ni wewe. Namba za simu, tarehe, saa na jina la ukumbi visimame wima. Hapo sitaki ubishi.

Usidhani naichukia italiki. Ni herufi zenye ukoo. Zilianzia Venice, Italia, kwa mchapishaji Aldus Manutius na mchongaji wake wa herufi, Francesco Griffo, walioiga mwandiko wa haraka wa wasomi na makarani wa zama zao. Mwaka 1501 Aldus alichapa mashairi ya Kilatini ya Virgil kwa herufi hizo, kitabu kidogo cha kushika mkononi, na kilikuwa chote italiki. Ila kitu kimoja kinanifurahisha: herufi kubwa hakuzilaza. Aliziacha wima, ndogo ndogo, mwanzoni mwa kila mstari. Baadaye wachapaji wakaona italiki inafaa zaidi ikikaa pembeni ya herufi za wima, itokeze pale panapohitaji kutofautishwa. Na wewe unayeandika jina zima la bibi harusi kwa herufi kubwa zenye madoido, kila moja na kikonyo chake, hebu lisome kwa sauti uone utafika wapi.

Jambo jingine: Kilatini cha Virgil hakina w, na k ni ya kubahatisha. Sisi bila hizo hatuandiki hata mwaliko. "Tunawakaribisha" peke yake ina w moja na k moja. Kuna fonti za italiki ambazo k yake ina kitanzi juu, ukiitazama haraka unaweza kusoma h. Kwa hiyo usichague fonti kwa kutazama sampuli ya maneno ya Kiingereza. Andika "tunawakaribisha", andika "ng'ombe", uangalie kama ile alama ya juu haijagongana na g. Ukuryani kadi ya mahari isiyo na ng'ombe utaipata wapi?

Halafu kagua kama italiki yako ni ya kweli. Chukua Times New Roman, andika "familia" kwa herufi ndogo, kisha bonyeza Ctrl na I. Utaona a imevua kofia yake na kubaki na tumbo tu, f imeshusha mkia chini ya mstari, na vile vijimguu vya kwenye ncha vimegeuka mikia, kama kalamu inavyoingia na kutoka. Hiyo imechorwa upya. Fonti nyingi za kupakua bure hazina mchoro huo, programu inazisukuma tu ziegemee upande. Ukiona a na f ni zilezile, ila zimeinama, tafuta fonti nyingine.

Wateja wako wengine ni wanafunzi, nao wafundishe. Kwenye kazi ya kuchapa, jina la kitabu, mfano Kusadikika cha Shaaban Robert, linalazwa. Mwanafunzi akiandika kwa mkono analipigia mstari. Na akija kijana wa Mugumu anayetaka kipeperushi cha watalii wa Serengeti, jina la kisayansi la simba, Panthera leo, lilazwe maneno yote mawili, P kubwa na l ndogo. Mzungu anayejua mambo ataliangalia hilo kabla hajauliza bei.

Maelezo marefu, kama historia ya marehemu kwenye ratiba ya mazishi, usiyalaze kabisa. Wazee wanahangaika, na chama cha Uingereza kinachoshughulikia watu wenye disleksia, yaani wanaopata shida kusoma, kinashauri italiki iepukwe. Tena fotokopi inakula mistari myembamba. Nakala ya nakala inabaki na vipande.

Sasa ile kadi yako. Laza majina ya maharusi tu, ukubwa wa 20 au zaidi, mengine yote yasimame. Chapa moja, itoe fotokopi, mpe mzee yeyote hapo sokoni aisome bila miwani. Akiitaja namba ya simu bila kukosea, chapa zilizobaki. Na hizo mia za mwanzo, mdogo wangu, gharama ni yako. Mteja usimtoze tena.